Bulo Niliyoikaza Mimi

Masika binti yangu,

Umeenda kanisani kuaga wenzako wa kwaya, na mama yako yuko jikoni anatwanga majani ya muhogo ya sombe. Nimefunga mlango mmoja wa garaji, huu mwingine nimeuacha wazi ili mwanga uingie. Nimekaa juu ya kasha la betri, karatasi iko magotini. Mikono nimeiosha mara mbili kwa sabuni na mchanga, lakini alama ya kidole changu utaiona hapa pembeni. Uiache tu.

Habari za koti la mvua, za kuchaji simu, za kutosimama njiani kwa watu usiowajua, mama yako amezisema zote na kesho atazirudia. Mimi nina neno lingine. Nilitaka kukuambia leo tulipokuwa tumeinama pamoja kwenye pikipiki yako, moto kama unavyoiita, nikashindwa. Nimeshindwa kwa miaka kumi na sita. Ndiyo maana unaona papa yako, mtu ambaye hata jina la mteja analiandika kwa shida, ameshika kalamu.

Unakumbuka jinsi kazi ya leo ilivyoanza. Ulikuja kuniita mezani, chai yangu ikiwa bado nusu.

"Papa, njoo uone. Moto yangu inavuya mafuta."

Lilikuwa tone moja tu sakafuni, si kubwa kuliko punje ya haragwe. Ukapiga magoti, ukachungulia chini ya moteri, ukaona tone jingine linaning'inia kwenye bulo ya vidanji, ile bolti ya chini kabisa tunayoifungua kumwaga mafuta yaliyochoka. "Iko hapa," ukasema. "Hii bulo habakuikaza muzuri." Ukachukua ufunguo.

Nikapiga kelele: "Usiguse!"

Ufunguo ukakuponyoka mkononi. Ukacheka, ukaniuliza kama bado nakuona mtoto wa miaka mitano. Mimi sikucheka, na nadhani uliona.

Baadaye tulifanya kazi kama inavyotakiwa. Tuliosha moteri yote kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, tukaikausha kwa kitambaa, tukangoja ipoe na kukauka kabisa. Ukaleta kikombe cha unga wa muhogo kutoka jikoni, mama yako akilalamika nyuma yako. Tukaupuliza unga kidogo kidogo pande zote hadi moteri ikawa nyeupe kama mtu aliyetoka kusaga unga. Kisha nikakuambia uwashe, uiache iungurume, usiondoe macho.

Wewe ndiye uliyeona kwanza. Mstari mweusi ulianza juu kabisa, kwenye kifuniko cha kichwa cha moteri, ukashuka nyuma ya mapezi ya kupoza moteri, ukapita ubavuni, ukafika chini kwenye bulo. Kuzunguka bulo yenyewe, unga ulikuwa mkavu isipokuwa pale mstari ulipofikia.

"Kumbe inatokea huku juu!" ukasema. "Bulo haina kosa."

Mafuta hayakai pale yanapotokea, Masika. Yanashuka, upepo wa safari unayasukuma, na tone linaanguka mahali ambapo hapana ugonjwa. Tulifungua kifuniko, tukakuta jwenti inayoziba maungio yake imekauka na kuwa ngumu kama ganda la mkate. Tukaweka mpya, tukaosha, tukapuliza unga tena. Ukabaki mweupe. Ulifurahi sana hata ukaimba.

Halafu ukaniuliza: "Papa, nani alikufundisha hii ya unga?"

Nikajibu: "Kazi yenyewe."

Nilisema huku nafuta mikono, wala sikukutazama. Ukaingia ndani ukiendelea kuimba. Mimi nikabaki nimesimama na kitambaa mkononi, maana hata leo, hata kwa jambo dogo kama unga, nilikuwa nimemnyang'anya tena mtu yuleyule.

Aliyenifundisha ni mjomba wako Kambale.

Kesho utalala kwake, Beni. Utakula kwenye meza yake, watoto wake watakuita yaya, dada yao mkubwa. Wewe unamjua kama sauti ya simu wakati wa Noeli, na unajua hadithi moja tu juu yake, kwa sababu nyumbani mwetu hadithi ni hiyo moja: kwamba mjomba alifanya kazi mbaya kwenye pikipiki ya mkunga, mkunga akaanguka na kuvunjika mkono, na kwa haya akaacha garaji akaenda kulima kakao. Ni mimi niliyekuambia hadithi hiyo. Ulikuwa na miaka saba. Uliniuliza, "Mujomba anaenda wapi?" na nikakujibu, "Mujomba amekosa."

Juma lililopita uliponionyesha barua ya kituo cha afya cha Beni kinachokupokea kazini, nilisoma jina la kituo nikakaa chini. Ulidhani ni furaha. Mama Kahindo, mkunga yule, yuko pale. Siku hizi anaandika majina ya wagonjwa mlangoni. Atakuuliza wewe ni mtoto wa nani, na ukimwambia, atainuka kukusalimia. Atasema baba yako ni fundi mwaminifu. Atasema ni mjomba wako aliyemharibia maisha. Sikutaka ufike pale ukapokea heshima hiyo bila kujua imetoka wapi. Si mjomba wako. Ni mimi.

Sasa nikueleze yote, na nitajitahidi nisijipambe.

Garaji ya Beni, kabla hatujahamia huku Butembo, tulikuwa nayo wawili, mimi na Kambale. Ni yeye aliyesoma ufundi, mimi nilijifunza kwa kutazama. Alikuwa mpole na mwenye kuchelewa. Pikipiki ikija na kasoro ndogo, angeiosha kwanza, angekaa mbele yake juu ya kigoda kama mtu anayengoja mgeni aanze kusema. Mimi nilikuwa mwepesi. Wateja walipenda wepesi wangu, na mimi nilipenda wao wanavyoupenda. Nilikuwa nikimtania shemeji yangu mbele yao: "Shemeki anaombea moto kwanza." Watu wanacheka, na yeye anacheka pamoja nao.

Mama Kahindo alikuwa mkunga aliyezoea kwenda vijijini kwa pikipiki, yeye mwenyewe akiendesha, wakati ambapo wanawake wanaoendesha walikuwa wachache. Siku ya kazi alikuwa anafunga kitenge juu ya suruali, mfuko wa dawa mgongoni. Kambale alikuwa amemfanyia vidanji, kumbadilishia mafuta ya moteri. Baada ya siku chache akarudi, akasema kila asubuhi anakuta tone moja chini ya moteri. Tone moja tu, kama lako la leo.

Kambale akalitazama. "Mama, utuachie hadi kesho," akasema. "Ni kitu kidogo, lakini tuioshe kwanza, tuone inatoka wapi."

"Kesho niko na kazi, Kambale."

"Basi usubiri saa moja. Naenda kuchukua jwenti sokoni, narudi."

Akaenda. Mama Kahindo akakaa kwenye benchi, anatazama saa yake. Nami nikaona nafasi ya kumwonyesha nani ni fundi. Sikuosha kitu. Nilipitisha kidole chini ya moteri, kikatoka na mafuta kutoka kwenye bulo ya vidanji, na kabla sijafikiri mdomo ulikuwa umekwisha kusema.

"Ni hii bulo, mama. Shemeki hakuikaza."

Naomba ulipime neno lile, kwa sababu mimi nimelipima miaka mingi. Nilikuwa bado sijaharibu chochote. Sikuwa na sababu ya kujificha. Nilimtaja kaka ya mama yako ili nionekane hodari kwa dakika tano. Yote yaliyofuata niliyafanya kwa hofu, na mtu mwenye hofu unaweza kumhurumia. Lakini lile la kwanza nililifanya nikiwa nimetulia.

Nilichukua ufunguo, nikaingiza bomba kwenye mpini wa ufunguo ili nipate nguvu, nikakaza. Bulo ilikuwa imekazwa vizuri, nilisikia hivyo mkononi, lakini nilikuwa nimekwisha kusema haikukazwa. Nikaongeza nguvu ili maneno yangu yawe kweli. Ndipo nikasikia ulaini. Kila fundi anaujua ulaini ule. Chuma kinakataa, kinakataa, halafu ghafla kinakubali, na unajua umekata meno ya tundu ndani ya alimini ya moteri. Bulo ikazunguka bila kushika kitu.

Pale nilikuwa na njia. Ningesema, "Mama, nimeiharibu, moto inabaki hapa." Angekasirika, angetafuta mtu wa kumbeba, na ingekwisha kabla ya jua kuzama. Nilimtazama. Alikuwa anafunga viatu.

Nikakata utepe wa plastiki kwenye mfuko, nikauzungusha kwenye bulo, nikapaka gundi ya silikoni, nikaisukuma mahali pake. Nikafuta kwa kitambaa hadi ikang'aa. Tone halikuonekana tena.

"Imekwisha?" akauliza.

"Imekwisha, mama."

"Wasingya, asante. Wewe unajua kazi."

Kambale aliporudi na jwenti mkononi, pikipiki haikuwapo. Nikamwambia nimekaza bulo. Akaitazama ile jwenti. "Ile bulo niliikaza mimi mwenyewe," akasema, kwa sauti ya mtu anayejiuliza. Nikageuka kutafuta kitu ambacho sikuwa nimepoteza.

Siku mbili baadaye Mama Kahindo aliitwa kwa mwanamke aliyekuwa akizaa, kijiji kimoja cha njia ya Oicha. Bulo ikatoka njiani. Mafuta yote yakamwagika nyuma yake naye hajui. Moteri ikakauka, ikajikaza, gurudumu la nyuma likakwama kwenye mteremko wenye mawe. Alianguka upande wa kuume. Wakulima wa kakao walimkuta amekaa njiani ameshika mkono wake kama mtu ameshika kitu cha mwenzake. Njia ile unaijua, si njia ya kukaa, watu huviziwa. Walitaka kumrudisha Beni. Akawaambia wampeleke mbele, kwa mwanamke aliyekuwa akimngoja.

Mtoto alizaliwa mzima. Mama Kahindo alimpokea kwa mkono wa kushoto, na mama mzee wa nyumba ile akawa mkono wake wa kuume, akifuata alichokuwa anaambiwa. Watu wa Beni walilisimulia jambo hilo kwa furaha. Mimi nilikuwa nikitoka mahali wanapolisimulia.

Kiungo cha mkono hakikurudi sawa. Kilipona kikiwa kimepinda, vidole havikunji vizuri. Mkunga hawezi kufanya kazi yake hivyo. Wakampa daftari na kalamu, akajifunza kuandika kwa kushoto.

Pikipiki ilikuja kwetu imelazwa juu ya chukudu ya mbao ya kubebea mizigo. Mama Kahindo alikuja nyuma yake, mkono umefungwa kwa bandeji shingoni, pamoja na mumewe na mzee mmoja wa kanisa. Mama yako alikuwapo, alikuwa ametuletea chakula. Majirani wakasogea. Mzee wa kanisa akauliza kwa upole kabisa:

"Sisi hatutafuti maneno. Tunauliza tu, mutu gani alifungua hii bulo?"

Nikajibu: "Vidanji alifanya Kambale."

Masika, angalia jibu hilo. Hakuna neno la uongo ndani yake. Vidanji alifanya Kambale. Watu wanafikiri mwongo anatunga vitu. Mimi sikutunga kitu, nilichagua tu kweli moja na kuiacha nyingine. Mama Kahindo naye akaongeza lake kwa nia njema: "Ndiyo, huyu papa alijaribu kunikazia. Aliniambia shemeki yake hakuikaza." Alikuwa ananitetea.

Kambale akapiga magoti. Alilala chali chini ya pikipiki, akaingiza kidole kwenye tundu la bulo, akakipekecha taratibu. Kikatoka na kipande cha plastiki kilichoshikamana na silikoni. Mimi ndiye niliyekuwa karibu, wengine hawakukiona. Akakitazama, kisha akanitazama mimi. Sikuwahi kutazamwa vile kabla wala baadaye. Hakukuwa na hasira. Ilikuwa kama ananipa muda.

Muda ukapita. Akafunga kiganja, akasimama, akajifuta vumbi.

"Mama, utusamehe," akasema. "Garaji ni yetu. Kosa ni yetu."

Alisema "yetu". Wote walisikia "yangu". Mama yako akaweka sufuria chini, akamwambia kakake mbele ya watu: "Umetupakaza haya, Kambale. Mama yetu anaumwa, sasa asikie na hii?" Nami nikamshika mama yako mkono, kama mume mwema anayetuliza mkewe.

Tulifungua moteri ile pamoja, mimi na yeye, kwa siku nzima. Alipofika juu akatoa jwenti ya kifuniko cha kichwa, ngumu, imepasuka, na akaiweka kwenye meza mbele yangu. Ndipo tone lilipokuwa linatoka tangu mwanzo. Bulo haikuwa na kosa lolote. Ile jwenti aliyoifuata sokoni ilikuwa bado kwenye karatasi yake.

Jioni hiyo, tukiwa tunafunga, aliniuliza mara moja tu.

"Shemeki, uko na neno ya kuniambia?"

"Neno gani?"

Akangoja. Akachukua koti lake. "Sawa," akasema.

Mtaa ulimpa jina. Walimwita Bulo. "Papa Bulo, umekaza?" Wateja walikuja na kusema wanataka Papa Masika, si yule mwingine. Watoto wakalishika jina wakalifanya wimbo. Na siku moja wewe ulirudi kutoka shule unarukaruka, ukasimama mbele ya mjomba wako aliyekuwa anakula, ukaimba, "Papa Bulo, Papa Bulo!" Ulikuwa hujui. Ulitaka tu kumchekesha, kwa sababu ulimpenda. Alikubeba, akakuweka gotini, akakupa kipande cha nyama kutoka kwenye sahani yake. Mimi nilikuwa nimekaa mkabala naye. Nilicheka. Nilicheka, mwanangu, kwa sababu kama ningekukemea ningelazimika kueleza kwa nini.

Baada ya wiki chache alikwenda kwenye shamba la kakao la baba yao, upande wa Oicha. Aliacha vifaa vyake vyote isipokuwa mswaki. Mama yao alifariki mwaka uliofuata, na kwenye matanga mama yako na kakake walikaa pande mbili za ua. Baadaye vita vilipomtoa shambani, alirudi Beni na kuanza tena, fundi mdogo pembeni mwa barabara. Hajawahi kusema. Mkewe sijui kama anajua.

Na sisi kuhamia Butembo, nilikuambia ni kwa ajili ya usalama. Usalama ulikuwa sababu, sikatai, watu wengi walihama. Lakini mimi nilianza kutafuta nyumba huku kabla ya wengine. Ilikuwa baada ya kukutana na Mama Kahindo sokoni. Alininyoshea mkono wa kushoto, akaomba msamaha kwa kunisalimia kwa mkono huo. Akaniombea baraka za Nyamuhanga, Mungu wetu. Nilishika mkono ule na kusema asante. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako kwamba Beni imenichosha.

Wewe ulinijua hapa Butembo tu kama fundi anayechelewa. Umenisikia mara ngapi nikimwambia mteja, "Tuioshe kwanza"? Watu wa hapa wananisifu kwa hilo. Kila sifa ni ya mtu mwingine. Kazi yake nimeijifunza yote, sauti yake nimeichukua, hata kigoda nimechonga kama chake, na jina lake nimeliacha kule chini ya matusi.

Sikuandikii haya ili unihurumie, wala sikuombi unisamehe, hukuwa wewe niliyekukosea kwanza. Nimejiuliza kwa nini nilinyamaza, na jibu si kubwa. Siku ya kwanza ningepoteza mteja mmoja. Siku ya tatu ningepoteza jina. Mwezi wa pili ningempoteza mama yako. Kila siku ile kweli ilinitaka zaidi, na kila siku nilijiambia imekwisha kuwa nzito, laiti ningesema jana. Wewe unaenda kwenye kazi ya wagonjwa. Utakosea, hakuna asiyekosea. Sijui nikushauri nini, mtu kama mimi. Najua tu kwamba dakika ile Mama Kahindo alipokuwa anafunga viatu, bado ilikuwa rahisi.

Nilikuwa nimefika hapo mama yako alipoingia kuchukua kikombe chake cha unga. Aliona karatasi. Akauliza ninaandika nini. Nilitaka kumpa asome mwenyewe, halafu nikaona kwamba hiyo nayo ni njia ya kukimbia. Nikamwambia akae. Nikamsomea kwa mdomo wangu, kutoka mwanzo hadi pale penye viatu.

Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza alikuwa anatazama mikono yake, ina majani ya sombe kwenye vidole. Akauliza jambo moja tu.

"Siku ile, niliposema juu ya mama yetu. Wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukanishika mukono."

"Nilikushika."

Akaanza kuyaondoa majani vidoleni, moja moja. Nikasema nitampigia Kambale simu sasa hivi, yeye akiwa hapa anasikia. Nikatoa simu.

"Uache simu," akasema. "Kwa simu mutu anaweza kukata. Kesho mimi nakwenda na Masika. Nitakaa nyuma yake. Naenda kuona kaka yangu."

"Na mimi?"

Akainuka, akachukua kikombe. Mlangoni akasema bila kugeuka: "Wewe uko na miguu."

Nimemsikia akitwanga tena, kwa nguvu kuliko sombe inavyohitaji. Halafu kinu kimenyamaza, na bado kimya.

Kwa hiyo kesho hutaenda peke yako. Mama yako ni mzito na barabara ina mashimo, utalijaza hewa gurudumu la nyuma, hilo tu ndilo agizo langu. Usimuulize kitu njiani. Akilia mgongoni kwako, mwache.

Nimekwenda kwa jirani yetu shemasi kuazima pikipiki yake. Nitapita kwa Kambale kwanza. Nataka nimwambie mbele ya mkewe na watoto wake, na majirani zake kama watakuwapo, maana alipata haya mbele ya watu. Kisha nitakwenda kule kituo cha afya, nisimame kwenye mstari wa wagonjwa hadi nifike mezani kwa Mama Kahindo. Sijui atafanya nini. Sijui hata mimi nitasema neno gani la kwanza. Nimejaribu mengi hapa peke yangu na yote yanaanza kwa kujitetea.

Barua hii nitaiweka juu ya kofia yako ya pikipiki. Uisome asubuhi kabla hujawasha. Kama hutaki kunitazama, utoke tu, nitaelewa.

Mkipita Maboya, kwenye njia ya Beni, utaona kwenye kioo pikipiki ya shemasi inakuja mbali nyuma yenu. Ni mimi. Usisimame kuningoja, mwanangu, wala usipunguze mwendo. Ukisimama nitapata nafasi ya kufikiri, na najijua, nitageuza.

Papa yako